Ofisi ya chumbani Uingereza: Meza baadaye, kibali kwanza

MKULIMA wa Mbarali anayetaka trekta la mtumba, au fundi wa Gerezani anayetafuta giaboksi ya Massey Ferguson, mara nyingi haendi Uingereza mwenyewe. Humtafuta ndugu, jirani wa zamani au rafiki wa rafiki anayeishi Leicester, Reading au Birmingham. Humtumia picha ya kitu anachokitaka kwa simu, hukubaliana bei, na fedha zikaondoka. Huyo wa upande wa pili, ambaye pengine mchana kutwa yuko kazini akitunza wazee au akipanga mizigo ghalani, ndiye ofisi yenyewe. Meza yake iko chumbani, pembeni ya kitanda cha mtoto.

Biashara ya namna hii haina ubaya wowote. Mashine nyingi nzuri zimeingia nchini kwa njia hiyo, na kamisheni imewasomesha watoto wengi wa pande zote mbili. Tatizo ni kwamba walio wengi huanza kwa kununua meza, kompyuta na printa, kisha wanatengeneza kadi zenye jina la kampuni. Mambo ambayo yanaweza kuifunga ofisi hiyo kwa siku moja, huku fedha ya mtu ikiwa njiani, huachwa mpaka yatokee.

Makala haya yanamhusu aliyeko huko pamoja na wewe msomaji unayetuma fedha kutoka hapa.

Una ruhusa ya kujiajiri?

Nchini Uingereza kuwa na ruhusa ya kufanya kazi si sawa na kuwa na ruhusa ya kufanya biashara. Mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa kuajiriwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini viza yake inamkataza kujiajiri au kuendesha biashara. Kijana akikutafutia plau akachukua kamisheni, akarudia kwa mteja wa pili na wa tatu, hapo ameshaingia katika biashara, hata kama ofisi yake ni simu tu. Akigundulika anaweza kufutiwa ruhusa ya kuishi kule. Ataondoka bila shahada, na trekta lako litabaki kwenye uwanja wa mtu.

Aliyepelekwa na mwajiri kwa viza ya kazi, kama wahudumu wa wazee walioingia kwa wingi kuanzia mwaka 2022, amefungwa na masharti ya mwajiri huyo. Kazi ya ziada ipo inayoruhusiwa, lakini ina mipaka ya saa na ya aina ya kazi. Mtu wa kundi hili asifungue chochote kabla ya kumuuliza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Chombo kinachowasajili washauri hao kilijulikana kwa miaka mingi kama OISC, na tangu Januari 2025 kinaitwa Immigration Advice Authority. Ushauri wa kijiweni, hata kama ni wa mtu aliyekaa huko miaka 20, hautamsaidia mbele ya ofisa wa uhamiaji.

Aliyekwenda kutembea naye ana mpaka wake. Tangu Januari 31, 2024 mgeni anaweza kujibu barua pepe na kuendelea na kazi yake ya nyumbani Afrika akiwa huko, mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari. Kufungua duka la vipuri kwenye chumba cha shangazi yake hakumo katika ruhusa hiyo.

Wenye nafasi ya kufanya biashara bila kizuizi hicho ni raia, wenye ukaazi wa kudumu, wengi wa walio na viza ya ndoa na waliopewa hadhi ya ukimbizi. Kama ndugu yako si mmoja wao, mwombe akuelekeze kwa aliye mmoja wao.

Nyumba ni ya nani?

Swali la pili ni nyumba. Watu wetu wengi huko wanapanga, na wengine wanapanga chumba kimoja katika nyumba yenye wapangaji watano. Mikataba mingi ya kupanga inakataza biashara ndani ya nyumba, au inataka mpangaji aombe idhini kwanza. Zamani wenye nyumba waliogopa kutoa idhini, kwa sababu mpangaji angeweza kudai haki za mpangaji wa jengo la biashara, ambazo ni ngumu kuziondoa. Sheria ya mwaka 2015 iliondoa hofu hiyo kwa England na Wales. Biashara ya aina inayoweza kufanyika nyumbani, ikifanywa kwa idhini, haigeuzi nyumba ya kuishi kuwa jengo la biashara. Kwa hiyo barua fupi ya kuomba idhini ina nafasi nzuri ya kukubaliwa, na jibu la maandishi likipatikana litunzwe.

Halmashauri ya mji nayo kwa kawaida haimtozi kodi ya majengo ya biashara mtu anayetumia sehemu ndogo tu ya nyumba, kama chumba cha kulala kuwa ofisi, au anayeuza vitu kwa posta. Mambo hubadilika pale nyumba inapoanza kuonekana kama gereji. Magari yanapanga foleni, injini zimelala uani, majirani wanasikia grainda usiku. Wenzetu wana mazoea ya kusema "ni mzigo wa wiki moja tu", kisha wiki inakuwa miezi minne kwa sababu kontena halijajaa. Ofisi ya chumbani iwe ya karatasi na simu. Vyuma vikae kwa muuzaji au kwenye uwanja wa wakala wa usafirishaji mpaka siku ya kupakia.

Na bima. Bima ya kawaida ya vitu vya nyumbani inaweza isilipie bidhaa za biashara wala kompyuta ya biashara. Moto ukitokea na giaboksi tatu zenye mafuta zikakutwa chini ya ngazi, kampuni ya bima itauliza maswali ambayo mpangaji hana majibu yake. Ni heri kuwaarifu mapema na kuongeza kiasi kidogo cha malipo.

Daftari

Mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza Aprili 6 na kuisha Aprili 5 mwaka unaofuata. Mtu anayejiajiri mwenye mapato ya biashara yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa gharama, kwa kawaida halazimiki kujisajili. Akizidisha hapo, anatakiwa kujisajili kwa mamlaka ya mapato, HMRC, kabla ya Oktoba 5 baada ya mwaka huo wa kodi kuisha, na kupeleka ritani kwa mtandao ifikapo Januari 31. Akichelewa hata siku moja anatozwa pauni 100 kwa kuanzia.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Tuseme mkulima ametuma pauni 6,000 za trekta, na kamisheni ni pauni 300. Mapato ya yule wa Leicester ni kiasi gani? Kama ni wakala tu, ananunua kwa niaba na kwa jina la mkulima, mapato yake ni zile 300, na zile 6,000 ni fedha ya mteja iliyopita mikononi mwake. Kama ananunua kwa jina lake kisha anamuuzia mkulima, mauzo yake ni kiasi chote. Tofauti ni kubwa. Kiwango cha kulazimika kujisajili kwa VAT tangu Aprili 2024 ni mauzo ya zaidi ya pauni 90,000 katika miezi 12. Anayeuza kwa jina lake atakivuka akifikisha trekta la 16 kwa bei hiyo. Bidhaa zinazosafirishwa nje hutozwa VAT ya asilimia sifuri, lakini zinahesabiwa katika mauzo, na ushahidi wa kusafirisha lazima uwepo. Wakala wa kamisheni ya 300 atahitaji matrekta zaidi ya 300 ili afike huko.

Ndiyo maana makubaliano kati ya mkulima na mtu wake yaandikwe hata kama ni ukurasa mmoja. Yaseme nani ananunua, kwa jina la nani, kamisheni ni shilingi ngapi, na fedha itarudi vipi kama mashine haikupatikana. Karatasi hiyo inamlinda mkulima, na kwa huyo mwenye ofisi ni utetezi wake mbele ya HMRC.

Kwa upande wa gharama, sheria ina unafuu wa kweli kwa mwenye ofisi ya nyumbani aliyejiajiri bila kampuni. Akifanya kazi nyumbani saa 25 hadi 50 kwa mwezi anaruhusiwa kukata pauni 10 kwa mwezi kabla ya kodi; saa 51 hadi 100 ni pauni 18; saa 101 na zaidi ni pauni 26. Haombwi bili ya umeme wala ya gesi. Anayefanya saa 60 kila mwezi anakata pauni 216 kwa mwaka, na bili ya simu na intaneti anaihesabu kando kwa sehemu iliyotumika kwa biashara.

Ni fedha ndogo, na kwa anayelipa pango kubwa njia ya pili huwa na faida zaidi. Tuseme pango, umeme na gesi ni pauni 1,200 kwa mwezi, nyumba ina vyumba vitano vinavyolingana, na kimoja ndiyo ofisi kwa nusu ya muda wake. Sehemu ya tano ni pauni 240, nusu yake ni 120. Kwa hesabu hii atakata pauni 120 badala ya 18, ila lazima awe na bili zote na hesabu inayoeleweka. Kumbukumbu zinatakiwa zitunzwe miaka isiyopungua mitano baada ya ile Januari 31 ya kupeleka ritani. Faili la boksi moja kwa kila mwaka linatosha, lisiwekwe tu karibu na nguo zinazokaushwa ndani. Nyumba za kule zina unyevu wakati wa baridi, na risiti za mashine hufifia upesi. Zipigwe picha siku ileile.

Akaunti ya benki nayo iwe ya peke yake. Masharti ya akaunti nyingi za binafsi yanakataza matumizi ya biashara. Mshahara wa mtunza wazee ukianza kuchanganyika na maelfu kutoka Mbeya na Kahama, benki itauliza, na inaweza kuisimamisha akaunti wakati inasubiri majibu. Mkulima atapiga simu kila siku kuulizia trekta, na aliyeko kule atakuwa hana hata nauli ya basi.

Mtego wa "nipe huku nikupe kule"

Mtego huu ndio mbaya kuliko yote, na wengi hawaujui. Mwenye ofisi ya chumbani huanza kupata watu wanaomwambia: nina pauni hapa, nataka shilingi zimfikie mama Singida, wewe una mteja wa trekta mwenye shilingi Singida anayetaka pauni hapa. Inaonekana ni akili tu. Hakuna fedha iliyovuka mpaka, hakuna gharama ya benki, kila mtu amefurahi.

Kwa sheria ya Uingereza, kufanya hivyo kama biashara ni kutoa huduma ya kutuma fedha. Anayeitoa lazima awe chini ya usimamizi wa kuzuia utakatishaji wa fedha, na pia awe na ruhusa ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Kufanya bila hayo ni kosa la jinai. Sheria haijali kama ofisi ni ghorofa ya vioo au ni meza iliyo karibu na jiko, wala haijali kama faida ilikuwa pauni tano. Pia hujui pauni ulizopewa zimetoka wapi. Fedha ya trekta ipite benki au kampuni ya kutuma fedha yenye leseni, na stakabadhi iingie kwenye faili.

Chumba, intaneti na saa

Sasa tuje kwenye meza, ambayo wengi huanza nayo. Hapa gharama ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Meza na kiti vya mtumba vinapatikana kwa bei ndogo katika maduka ya hisani, na kiti ndicho cha kutolea fedha zaidi. Plagi za kule ni zile za pini tatu tunazotumia hapa na umeme ni volti 230, hivyo printa itakayorudishwa nyumbani baadaye haitahitaji kifaa cha kubadilisha.

Mkataba wa intaneti uangaliwe vizuri. Mingi ni ya miezi 12 hadi 24, na mpangaji wa chumba anaweza kuhama kabla ya hapo akaendelea kudaiwa. Aliyejiunga kwa mtandao au kwa simu kwa matumizi ya nyumbani ana siku 14 za kubadili mawazo. Kwa kazi ya simu, picha na barua pepe, kifurushi cha simu chaweza kutosha mwanzoni. Laini ya biashara iwe tofauti na ile ya familia, vinginevyo mteja wa Kahama atapiga katikati ya zamu ya usiku.

Saa nazo zinasumbua kuliko watu wanavyofikiri. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi ile ya mwisho ya Machi, Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kipindi kingine ni saa mbili. Wakala wa forodha wa Dar es Salaam akifungua ofisi saa tatu asubuhi wakati wa baridi ya Ulaya, Leicester ni saa kumi na mbili alfajiri na giza bado. Kwa mfanyakazi wa zamu hilo linaweza kuwa jema, maana anamaliza simu za nyumbani kabla ya kwenda kazini. Kwenye maandishi aandike saa kwa tarakimu na kutaja ni ya wapi. Mzungu ukimwambia saa tatu, anasubiri saa tisa alasiri.

Bidhaa zenye masharti yake

Anayepeleka bidhaa nje kibiashara anahitaji namba ya EORI, ambayo HMRC hutoa bila malipo. Trekta na vipuri vyake havina shida kubwa. Soko lake linajulikana, na ipo minada ya wazi ya mashine za mashambani kama ule wa Cheffins pale Sutton, karibu na Ely, ambako wanunuzi kutoka nje ya Uingereza si wageni. Matrekta ya Massey Ferguson yaliyotoka kiwanda cha Coventry, kilichofungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, bado yanauzwa huko, na mafundi wetu wanayafahamu.

Friji, televisheni na kompyuta za mtumba ni jambo jingine. Kifaa cha umeme kisichofanya kazi kinahesabiwa kuwa taka, na kupeleka taka hizo Afrika ni kosa. Kila kifaa kiwe kimepimwa, kina rekodi ya kipimo, na kimefungwa vizuri kisiharibike njiani. "Fundi wa huko atatengeneza" si hoja inayokubalika bandarini.

Na kwa anayetaka kwenda njia ya pili, yaani kuuza kahawa au viungo vya nyumbani kutoka chumba hichohicho, afahamu kuwa hiyo ni biashara ya chakula. Anatakiwa kujisajili kwa halmashauri ya eneo lake angalau siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni bure.

Wewe uliye huku

Mkulima au mfanyabiashara mdogo hawezi kwenda kukagua chumba cha mtu Leicester, lakini ana vitu vya kukagua akiwa hapahapa. Kama mtu wako anasema ana kampuni ya limitedi, ingia kwenye daftari la Companies House kwa mtandao. Kutafuta ni bure. Utaona ilisajiliwa lini, wakurugenzi ni nani, kama inapeleka hesabu zake kwa wakati na kama kuna tangazo la kuifuta. Kampuni iliyosajiliwa mwezi uliopita si lazima iwe ya utapeli, ila isipewe fedha yote kwa mkupuo. Aliyejiajiri bila kampuni hayumo kwenye daftari hilo. Kwake omba ankara yenye jina kamili, anwani na namba ya EORI, ambayo uhalali wake unaweza kuangaliwa kwa mtandao wa serikali yao. Jina la akaunti ya benki lilingane na jina la kwenye ankara.

Ankara iwe ya kweli. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki thamani ya forodha huhesabiwa kwa bei ya mali pamoja na usafiri na bima mpaka bandarini. Trekta la pauni 6,000 lenye usafiri wa 1,500 na bima ya 100 linahesabiwa kuwa na thamani ya pauni 7,600. Ndugu akikufanyia hisani ya kuandika 2,000, ofisa wa forodha anaweza kuikataa bei hiyo na kutumia yake, na wakati mnabishana gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda.

Lipa kwa hatua. Kabla ya hatua ya kwanza dai picha ya kibati chenye namba ya mashine, na video ya injini ikiwashwa ikiwa ya baridi, maana injini iliyochemshwa huficha mengi. Kabla ya hatua ya mwisho dai nakala ya hati ya shehena, na usome jina lililoandikwa kama mpokeaji. Liwe lako, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho na kwenye namba yako ya mlipakodi. Hati halisi, kama imetolewa ya karatasi, itumwe kwa kampuni ya vifurushi siku meli inapoondoka, isisubiri mtu anayekuja likizo Desemba.